BARAZA LIKIVUNJWA, KAZI YAANZA

Mara nyingi ukubwa wa baraza au sherehe hupimwa kwa wingi wa watu waliofika, kwa idadi ya mbuzi waliochinjwa, na kwa vyeo vya wageni walioketi mbele. Watu wakiisha kula, hotuba zikiisha kusemwa, na magari ya wageni yakiisha kuondoka, waandaaji hupeana mikono, kila mmoja akaenda zake huku akisema, "Alhamdulillahi, yamekwisha." Kumbe hayajakwisha. Yaliyokwisha ni yale yaliyoonekana na watu wote. Yaliyobaki hayana makofi wala wageni wa heshima, nayo ndiyo yatakayoonyesha kama siku ile ilikuwa na faida au ilikuwa karamu tu.

Somo hili laeleza kazi hiyo iliyobaki: ni ipi, nani aifanye, na yapasa ifanywe lini. Yanayosemwa hapa juu ya baraza yahusu pia arusi kubwa, harambee ya shule, siku ya mifugo, na kila kusanyiko ambalo watu wametoa mali yao na wakati wao ili lifanyike.

Na ichukuliwe Griftu kuwa mahali pa mfano. Griftu ni mji mdogo ulio magharibi mwa mji wa Wajir, nao ni makao ya serikali ya Wajir Magharibi. Pana chuo cha kuwafundisha wafugaji, pana shule na maduka, na watu wa pande zote hufika hapo kwa shughuli zao. Lakini wengi wa watu hao hawakai mahali pamoja mwaka mzima. Mvua za Gu zikinyesha, kati ya Machi na Mei, huenda huku. Kiangazi cha Jilaal kikikaza, tangu Januari hata Machi, huhamia kule penye maji. Mtu aliyesikia ahadi barazani leo, huenda siku ya kutimizwa kwake akawa mbali sana na ngamia zake. Kwa hiyo katika nchi kama hiyo ahadi haiwezi kuachwa ijitunze yenyewe. Hapana budi awepo mtu wa kuitunza.

MFANO WA WAJIR

Wenyeji wa Wajir wanalo somo la mambo haya katika historia yao wenyewe, wala hawana haja ya kwenda kulitafuta nchi za mbali.

Mwaka 1992 na miaka michache iliyofuata, Wilaya ya Wajir, kama ilivyoitwa wakati ule, ilipatwa na msiba mkubwa. Ukame ulikuwa umeua mifugo mingi. Vita vya nchi jirani ya Somalia vilileta wakimbizi na bunduki. Ugomvi wa malisho, wa maji na wa siasa ukawasha moto baina ya koo za Waajuran, Wadegodia na Waogaden. Watu wengi wakauawa na mifugo ikanyang'anywa. Hata sokoni mjini Wajir wanawake wa ukoo mmoja walikataa kuuziana na wanawake wa ukoo mwingine.

Kwa masimulizi ya walioianzisha kazi ya upatanishi, mazungumzo yao ya kwanza yalifanyika arusini. Wanawake wachache wa koo mbalimbali walikutana hapo kama watu wakutanavyo arusini, wakaulizana msiba huu utakwisha lini. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa Wajir mwaka 1964. Arusi ile ilikwisha kama arusi zote, lakini mazungumzo hayakuachwa yaishe pamoja na pilau. Wanawake wale waliendelea kukutana. Wakaanza na jambo lililokuwa karibu nao, yaani soko: wakaweka kamati ya kuangalia ya kwamba kila mwanamke, awe wa ukoo gani, aweza kuuza na kununua bila kufukuzwa.

Kisha wakawaendea wazee. Wazee wa koo ndogo, ambao hawakuwa na upande katika ugomvi ule, wakatangulizwa kupatanisha. Mwezi wa Septemba mwaka 1993 wazee wa koo zilizogombana wakatia sahihi mapatano yajulikanayo kuwa Azimio la Al-Fatah.

Sasa msomaji na aangalie vizuri, kwa maana hapa ndipo lilipo somo. Mapatano yaliyotiwa sahihi mbele ya watu wengi ni mengi duniani, na mengi yao yalikufa kabla wino haujakauka vizuri. Wajir hawakuyaacha yafe. Waliunda vikundi vya wanawake, vya vijana, vya wazee na vya watu wa dini, kila kimoja na kazi yake. Waliweka kikosi cha watu wa kwenda upesi mahali palipotokea mauaji au wizi wa mifugo, kabla ya hasira kuenea. Machifu walioidumisha amani vizuri katika sehemu zao wakapewa tuzo mbele ya watu. Mwaka 1995 vikundi hivyo vikaunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, nayo ikawekwa ndani ya kamati ya maendeleo ya wilaya, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Mkuu wa Wilaya. Hivyo jambo lililoanzia arusini na sokoni likapata karani, daftari, na siku maalum za kukutana.

Baadaye kamati za amani za namna hiyo zilianzishwa katika wilaya nyingine nyingi za Kenya. Bibi Dekha mwenyewe alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007 kwa kazi yake ya kupatanisha watu, naye akafariki mwaka 2011 baada ya ajali ya gari.

Si kweli kusema kwamba ugomvi haukurudi tena kamwe. Mwaka 2014 damu ilimwagika mipakani mwa Wajir na Mandera. Lakini jambo hilo halilivunji somo hili, bali lalithibitisha. Amani huchakaa kama paa la makuti. Yataka kurudishiwa kila mara, wala aliyeiezeka mwaka jana hana ruhusa ya kulala mwaka huu.

Basi, baada ya kuona mambo makubwa, na yaangaliwe madogo, moja moja, kwa utaratibu wa siku. Ichukuliwe mathalani kwamba wazee wa Griftu wameitisha baraza la upatanishi la siku moja. Watu 400 wamefika. Mbuzi 12 wamechinjwa. Watu wameazimia mambo matatu: kwamba dia ya mtu aliyeuawa italipwa, kwamba lambo litazibuliwa kabla ya mvua, na kwamba wachungaji wa pande mbili watapeana habari kabla ya kuvuka na mifugo. Saa kumi na moja jioni dua imesomwa na baraza limevunjwa. Kamati ifanye nini?

JAMBO LA KWANZA: JIONI ILE ILE

Mtu wa kwanza wa kuangaliwa ni mgeni aliyetoka mbali. Mzee aliyeletwa kwa gari asubuhi arudishwe kwa gari, au apewe mahali pa kulala. Si adabu kumfuata mtu kwake kwa heshima, kisha kumwacha kando ya njia kiza kikiingia. Mmoja wa kamati awe na orodha ya waliopewa usafiri, wala asiende nyumbani mpaka jina la mwisho limepigwa mstari.

La pili ni chakula kilichosalia. Nchi ile ni ya joto, na wali na nyama vilivyokaa tangu mchana huharibika upesi. Kinachofaa kuliwa kigawanywe mara moja, kwanza kwa waliopika na kwa nyumba zenye haja. Kilichokaa sana kisipewe mtu.

La tatu ni mahali pa kuchinjia. Damu na taka za matumbo zifukiwe katika shimo refu, zifunikwe kwa udongo mwingi na mawe ili mbwa na fisi wasifukue. Hili si jambo la usafi wa macho tu. Homa ya Bonde la Ufa, ambayo hutoka kwa wanyama ikamwingia mtu kwa damu na nyama ya mnyama mgonjwa na kwa kuumwa na mbu, iliwaua watu upande wa Garissa katika miaka ya 1997 na 1998, ikarudi mwaka 2006 na 2007, na mwaka 2018 ikatokea Wajir. Waliochinja na walioosha matumbo wanawe kwa sabuni na maji mengi kabla hawajaenda kwa watoto wao.

La nne ni takataka. Zamani karamu iliacha majani na mifupa. Siku hizi huacha chupa za maji, mifuko na karatasi za biskuti. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu tangu tarehe 28 Agosti 2017, bali plastiki za namna nyingine zingaliko kila mahali. Mbuzi na ngamia huzila, nazo haziyeyuki tumboni. Mnyama hukonda huku tumbo lake limejaa, mwisho akafa. Tena plastiki na uchafu ulioachwa uwanjani husombwa na mvua ya kwanza mpaka lamboni. Basi kamati iliyoazimia kuzibua lambo mchana, kisha ikaacha uchafu uwanjani jioni, imejipinga yenyewe. Vijana 20 wakipewa magunia, wakatembea kwa mstari mmoja toka upande huu wa uwanja hata upande wa pili, kazi hiyo huisha kabla ya magharibi.

Mwisho, vyoo vilivyochimbwa kwa ajili ya siku ile vifukiwe kwa udongo na majivu, na moto wa meko uzimwe kwa maji au mchanga. Upepo wa usiku haungoji asubuhi.

JAMBO LA PILI: VITU VYA WATU

Karibu kila kitu kilichotumika barazani ni cha kuazima: sufuria za akina mama, mikeka ya msikiti, viti vya shule, mitungi ya maji, jenereta, vipaza sauti. Anayeazimwa hutoa kwa furaha, lakini hukumbuka sana namna kitu chake kilivyorudi.

Dawa yake ni daftari. Kila kitu kiandikwe siku ya kuchukuliwa, kwa jina la mwenyewe, idadi yake, na hali yake: sufuria kubwa mbili, moja haina kifuniko. Siku ya kurudisha, mtu huyo huyo aliyechukua ndiye arudishe, kwa daftari hilo hilo, mbele ya mwenye mali. Viti vya shule virudi kabla watoto hawajaingia darasani. Kilichovunjika kisirudishwe kwa siri usiku. Kipelekwe mchana, mwenyewe aelezwe, na kamati itengeneze au ilipe. Mama aliyepata sufuria yake imetoboka bila neno lolote, hatatoa tena mwakani, na atakuwa na haki.

JAMBO LA TATU: HESABU YA FEDHA

Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Hakuna jambo livunjalo moyo wa watu upesi kama fedha za mchango zisizojulikana zilikokwenda. Mara nyingi hapana hata mtu aliyeiba. Ni kwamba hapana aliyeandika. Lakini mtu aliyetoa shilingi 200 kutoka katika bei ya mbuzi wake hawezi kuona tofauti ya mwizi na mzembe, kwa kuwa kwake yeye fedha imepotea vile vile.

Hesabu ifungwe katika muda wa siku saba. Haina haja ya elimu kubwa. Yatosha karatasi moja yenye pande mbili. Mfano wake ni huu:

Fedha zilizoingia: michango ya jamaa mbalimbali shilingi 92,000; wafanya biashara wa mjini 40,000; msaada mwingine 30,000. Jumla 162,000.

Fedha zilizotoka: mbuzi 12 kwa shilingi 7,000 kila mmoja, 84,000, mchele magunia manne kwa 6,500, 26,000, sukari, chai na viungo 9,500, boza moja la maji 10,000, kukodi mahema 15,000, petroli ya magari ya wazee 12,000. Jumla 156,500.

Baki: shilingi 5,500.

Chini ya hesabu hiyo yaandikwe mambo mawili. Kwanza, madeni: je, mwenye boza amekwisha kulipwa, au ameahidiwa tu? Deni lisiloandikwa huifanya baki kuwa ya uongo. Pili, mahali baki ilipo: iko mkononi mwa nani, au katika simu ya nani. Siku hizi michango mingi hupelekwa kwa M-Pesa, na hilo ni jema, kwa maana kila senti huacha alama. Lakini simu ni ya mtu mmoja. Mweka hazina awaonyeshe wenzake wawili taarifa za kuingia na kutoka, kisha wote watatu watie sahihi ile karatasi.

Karatasi hiyo isifungiwe sandukuni. Isomwe kwa sauti, ikiwezekana siku ya Ijumaa watu wanapokusanyika mjini, na nakala yake ibandikwe mahali pa wazi. Mwenye swali aulize. Kamati isione swali kuwa ni tusi. Anayeuliza hadharani ni bora kuliko anayenong'ona kisimani. Na baki, ijapokuwa ndogo, itajwe itafanya nini: italipia kuzibua lambo, au itangojea baraza lijalo. Shilingi 5,500 zilizotajwa huleta mchango mkubwa zaidi mwaka ujao kuliko 50,000 zilizonyamaziwa.

Tena wasisahauliwe watu wa kazi ndogo. Waliopasua kuni, waliobeba maji na waliopika tangu alfajiri walipwe kwanza, kabla ya wenye mahema. Tajiri aweza kungoja wiki moja. Mama aliyeacha kibanda chake sokoni siku nzima hawezi.

JAMBO LA NNE: MAANDISHI

Karani aandike baraza katika muda wa siku tatu, kumbukumbu zikiwa mbichi. Aandike tarehe, mahali, majina ya wenye kusema, na yaliyoazimiwa, neno kwa neno. Kisha awasomee wazee wawili wa kila upande, kwa lugha wanayoisikia vizuri, ili wakubali au wasahihishe kabla ya kutia sahihi au kidole gumba. Nakala moja ikae na chifu, moja na kila upande, na moja na kamati. Maneno yaliyoandikwa na upande mmoja peke yake ni mbegu ya ugomvi mpya.

Orodha ya waliohudhuria nayo itunzwe, pamoja na nambari za simu zao. Wako wasemao kwamba orodha hiyo ni ya kuwaridhisha wakubwa tu. Sivyo. Mwezi wa Juni mwaka 2017 watu waliokuwa katika mkutano wa mambo ya afya jijini Nairobi waliugua kipindupindu baada ya kula pamoja. Ikiwa jambo la namna hiyo laweza kuwapata wataalamu katika hoteli ya mjini, laweza kulipata kusanyiko lolote. Siku hiyo ndipo orodha iokoapo maisha: mganga huweza kuuliza nani alikula nini, na aliyekwisha kwenda zake mbali akapigiwa simu aende hospitali kabla hajazidiwa.

JAMBO LA TANO: AHADI

Sasa lafika jambo zito kuliko yote. Baraza la mfano limeazimia mambo matatu, na watu wote wakaitikia kwa sauti moja. Lakini jambo lililoitikiwa na watu 400 huweza kukosa hata mtu mmoja wa kulifanya, kwa kuwa kila mmoja humtazamia mwenziwe.

Kwa hiyo kila azimio lipewe vitu vitatu: mtu, tarehe, na shahidi. "Lambo litazibuliwa" si azimio bado. Azimio ni kusema: fulani na fulani watakusanya watu, kazi itaanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa pili, na chifu atakwenda kuangalia Jumatano. Azimio lisilopata mtu wa kulibeba ni afadhali liondolewe katika karatasi, kuliko kuachwa liwadanganye watu.

Katika mambo ya damu uangalifu huu wazidi mara mia. Mwezi wa Agosti mwaka 2001 wazee na viongozi walikutana Modogashe wakaweka kanuni zijulikanazo kuwa Azimio la Modogashe, kuhusu malisho, wizi wa mifugo na mauaji. Katika kanuni zile ilitajwa dia ya mifugo 100 kwa mwanamume aliyeuawa, na 50 kwa mwanamke. Kanuni hizo zimetumiwa katika upatanishi mwingi wa Kaskazini ya Kenya, nazo zimezungumzwa na kusahihishwa tena baadaye. Wengine wamelaumu kutengwa huko kwa thamani ya mwanamke, na wengine wamesema kwamba dia isimkinge muuaji na mahakama. Mazungumzo hayo yana haki yake. Lakini ijapokuwa kipimo ni kipi, kipimo hakimfai mfiwa ikiwa hakuna afuataye malipo.

Na msomaji afikiri hali ya jamaa ya marehemu. Walikuja barazani na uchungu wao. Wakaombwa wasamehe, wakasamehe mbele ya watu. Vijana wao wakaambiwa waweke silaha chini, wakatii, kwa sababu mzee wao ametoa neno. Sehemu ya kwanza ya dia ikaahidiwa baada ya siku 30. Siku ya 30 ikafika, hakuna mnyama aliyeletwa, wala mjumbe, wala hata simu. Pengine sababu ni nyepesi: mifugo imehamia mbali, au wachangaji hawajakutana. Lakini jamaa hawaijui sababu hiyo. Wanachokijua ni kimya. Nacho kimya hicho husomwa kuwa dharau. Mzee aliyewatuliza vijana sasa hana neno la kuwaambia. Katika hali hiyo baraza lililofanywa vizuri limekuwa na hatari kuliko baraza ambalo halikufanywa, kwa kuwa limewaondolea watu hata imani ya kuitwa tena.

Dawa si ngumu. Siku ya 20 watu wawili wa kamati, mmoja wa kila upande, waende kwa walipaji waone mifugo mingapi imepatikana. Ikiwa yote iko tayari, vyema. Ikiwa imepatikana nusu, nusu hiyo ipelekwe siku ile ile iliyoahidiwa, na jamaa waambiwe kwa mdomo lini itafika iliyosalia. Mlipaji anayekuja na nusu na maelezo bado ni mwungwana. Anayekaa kimya akingoja ikamilike hufanywa mwongo na siku zinazopita. Ahadi ni deni, na deni huombewa muda kabla ya siku yake, si baada yake.

JAMBO LA SITA: WASIOKUWAPO

Hata baraza kubwa huacha nje watu wengi kuliko waliofika. Wachungaji walikuwa mbali na mifugo. Akina mama walikuwa na watoto. Wagonjwa walikuwa vitandani. Tena mara nyingi wanaozozana kisimani ni vijana wachungaji, ambao ndio hasa hawakuwapo. Azimio la kupeana habari kabla ya kuvuka na mifugo halina maana ikiwa mchungaji mwenyewe hakulisikia.

Basi katika wiki mbili za kwanza wajumbe wapelekwe visimani na malamboni, kwa kuwa huko ndiko kila mchungaji atakakofika, apende asipende. Wajumbe wawe wa pande zote mbili na waende pamoja, maana kuwaona watu wale wamepanda gari moja ni habari kabla hawajafungua kinywa. Redio na simu zisaidie, lakini zisiachiwe kazi yote. Maneno yawe machache na yale yale kila mahali, wala mjumbe asiongeze yake.

JAMBO LA SABA: SHUKRANI NA KIKAO CHA MWISHO

Shukrani zitolewe kwa majina. Waliosaidia wapelekewe neno, wakubwa kwa barua na jirani kwa miguu. Barua ya kushukuru iambatane na ile karatasi ya hesabu, ili mtoaji aone mchango wake ulifanya nini.

Kisha, baada ya siku kama kumi, kamati ikutane mara moja peke yake, bila wageni, ijiulize maswali matatu tu: nini kilikwenda vizuri, nini kiliharibika, na mwakani kifanywe nini. Maji yalikwisha saa sita? Iandikwe kwamba boza moja halikutosha watu 400. Akina mama walikaa mbali, hawakusikia? Iandikwe. Kikao hicho si mahakama, wala hakikuitwa kumtafuta mkosaji. Shabaha yake ni kwamba kamati ijayo isianze upya kama kwamba hapakuwa na iliyotangulia. Mwisho ichaguliwe kamati ndogo ya watu watano, kutoka pande zote, ya kuyafuata maazimio hata yaishe. Wengine waachiliwe kwa heshima waende kwenye shughuli zao.

Siku dia imelipwa yote, lambo limejaa maji ya Gu, na mchungaji amemtumia jirani yake habari kabla ya kuvuka, siku hiyo ndiyo dua ya mwisho ya baraza yafaa kusomwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA

1. Katika kusanyiko la mwisho lililofanywa mahali penu, hesabu ya fedha ilisomwa mbele ya watu? Kama haikusomwa, nani aweza kuombwa aisome sasa?

2. Ni azimio gani la zamani ambalo halikutimizwa? Je, lilipewa mtu, tarehe na shahidi?

3. Baraza likiitishwa kwenu kesho, ni watu gani hawatafika, na habari zitawafikia kwa njia gani?

4. Wanawake wa Wajir walianza na soko. Katika mahali penu, ni kitu gani cha kila siku ambacho kingeonyesha upesi kwamba watu wamepatana kweli?